Utando usiogombana na damu

MGONJWA ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi huunganishwa na mashine kwa muda wa saa nne, mara mbili au tatu kila wiki. Damu yake hutoka mwilini kupitia mrija, hupita ndani ya kichujio, kisha hurejeshwa mkononi ikiwa imepunguzwa sumu na maji ya ziada.

Jamaa wanaomsindikiza humtazama mgonjwa na kuitazama mashine inayolialia na kumetameta taa. Ni wachache hukitazama kichujio chenyewe, kidude cha plastiki chenye umbo la chupa nyembamba kilichoshikizwa kando ya mashine. Hata hivyo, kazi yote ya kusafisha damu hufanyika humo.

Na ni humo pia ambamo damu ya mgonjwa hukutana na kitu isichokipenda. Damu iliumbwa kupita katika mishipa ya mwili tu. Ikigusa kitu kingine chochote, iwe kioo, chuma au plastiki, huanza kuganda na kujitayarisha kwa vita.

Kwa zaidi ya miaka 100, wanasayansi wamekuwa wakitafuta utando ambao damu itapita juu yake bila ugomvi. Siku hizi wameongeza sharti la pili: utando huo utengenezwe kwa malighafi inayotokana na mimea na inayoweza kuoza, ili taka za hospitali zisiendelee kurundikana. Masharti hayo mawili hayapatani kwa urahisi, na makala haya yanaeleza ni kwa nini.

KAZI YA FIGO NA KAZI YA MASHINE

Figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja lita 180 hivi za maji ya damu kila siku. Karibu maji hayo yote hurudishwa mwilini, na kinachobaki ni mkojo wa lita moja hadi mbili. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja.

Kisukari na shinikizo la damu lisilotibiwa huharibu vichujio hivyo polepole. Mgonjwa haoni dalili kwa muda mrefu kwa sababu vile vilivyosalia hujitahidi kufanya kazi ya vilivyokufa. Anapoanza kuvimba miguu na uso, kutapika na kuishiwa na nguvu, mara nyingi ni kidogo sana kilichobaki.

Hapo ndipo anapohitaji figo ya kupandikizwa au mashine ya kusafisha damu, kazi ambayo madaktari huiita dayalisisi.

Ndani ya kichujio cha mashine mna nyuzi zipatazo 10,000. Kila uzi una tundu katikati mithili ya mrija wa kunywea soda, ila tundu hilo lina upana wa sehemu moja ya tano ya milimita tu. Ukuta wa uzi ndio huitwa utando.

Damu hupita ndani ya nyuzi. Nje yake hupita maji maalumu yaliyochanganywa na chumvi kwa vipimo. Uchafu mdogo mdogo kama yurea na kriatinini hupenya vitundu vya utando na kuingia katika maji hayo, huku chembe za damu na protini kubwa zikibaki ndani.

Kama nyuzi zote zingepasuliwa na kutandazwa, zingefunika eneo la karibu mita mraba moja na nusu hadi mbili, yaani takriban kitanda cha futi tatu kwa sita. Mashine ikisukuma mililita 300 za damu kila dakika, basi kwa saa nne lita 72 zitakuwa zimepita humo. Kwa kuwa mtu mzima ana lita tano hivi za damu, ina maana kwamba kila tone limepita juu ya utando huo kama mara 14.

Kwa mgonjwa anayetibiwa mara mbili kwa wiki, hayo hurudiwa mara 104 kwa mwaka. Madhara ambayo yangeonekana madogo kwa mtu anayetibiwa mara moja huwa jambo jingine kabisa kwa mtu anayeyapata mwaka nenda mwaka rudi.

DAMU INAPOGUSA UGENI

Katika sekunde za kwanza za mguso, protini zilizomo katika maji ya damu hung'ang'ania utando. Miongoni mwazo ni fibrinojeni, ambayo ndiyo hutengeneza nyuzi za bonge la damu. Chembe sahani, yaani vile vijichembe vidogo vinavyoziba jeraha mtu anapojikata, hupita na kuikuta fibrinojeni imejipanga ukutani. Huifasiri kama jeraha. Hunata, huita nyingine, na bonge likaanza.

Wakati huo huo, kundi jingine la protini liitwalo komplementi huamka. Hili ni sehemu ya kinga ya mwili, na kazi yake ni kutambua vijidudu na kuvitia alama ili viangamizwe. Utando ukifanana na ngozi ya kijidudu, komplementi huushambulia vivyo hivyo, na ishara zake huzichochea chembe nyeupe za damu.

Matokeo yake kwa mgonjwa hutegemea aina ya utando na mwili wake. Kuna anayehisi kifua kubana na mgongo kuuma katika nusu saa ya kwanza. Kuna anayejikuna. Kuna asiyehisi lolote, lakini kichujio kikaganda kabla ya saa nne kuisha.

Kichujio kikiganda chote, damu iliyomo haiwezi kurudishwa mwilini. Pamoja na ile iliyo mirijani, hiyo ni damu ya kiasi cha kikombe cha chai. Mgonjwa wa figo tayari ana upungufu wa damu, kwa kuwa figo ndizo hutoa homoni inayouamrisha uboho kutengeneza chembe nyekundu. Kikombe kimoja kwake si kitu kidogo. Familia nyingi zinajua taabu ya kutafuta mtu wa kutoa damu au kununua sindano za kuiongeza.

DAWA YA KUZUIA KUGANDA

Ili kuepuka hayo, wauguzi humpa mgonjwa dawa iitwayo heparini. Iligunduliwa mwaka wa 1916 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na ikaitwa hivyo kutokana na neno la Kigiriki la ini, ambamo ilipatikana kwanza. Leo nyingi hutokana na matumbo ya nguruwe.

Heparini imeokoa maisha ya wengi, lakini haichagui. Inapozuia damu isigande ndani ya kichujio, huizuia pia isigande mwilini. Mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji, mwenye vidonda vya tumbo vinavyotoka damu, mama aliyejifungua jana, au mtu aliyevuja damu ubongoni, wote hawa wanaweza kuhatarishwa nayo.

Kwa wagonjwa kama hao, wauguzi hulazimika kusafisha damu bila heparini. Huusuuza mrija kwa maji ya chumvi kila baada ya muda mfupi na kukitazama kichujio kikibadilika rangi. Ni kazi ya kuchosha na haifaulu kila mara.

Kadhalika, kutegemea dawa moja kuna hatari yake. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008 iligunduliwa kwamba heparini iliyotengenezwa kwa malighafi kutoka China ilikuwa imechanganywa na kemikali nyingine inayofanana nayo. Wagonjwa nchini Marekani, wakiwemo wa dayalisisi, walishuka shinikizo la damu ghafla na baadhi wakafa.

Ndiyo maana watafiti wanauliza: badala ya kuitia dawa damu yote ya mgonjwa, kwa nini tusiurekebishe ule utando wenyewe?

KUTOKA NGOZI YA SOSEJI

Historia ya utando inashangaza. Mwaka wa 1913, John Abel na wenzake huko Johns Hopkins walisafisha damu ya mbwa kwa kuipitisha katika mirija waliyoitengeneza kwa mkono. Heparini haikuwa tayari kutumika, kwa hiyo walizuia damu isigande kwa dawa waliyoikamua kutoka kwa ruba.

Mwaka wa 1924, daktari Georg Haas wa mji wa Giessen, Ujerumani, alikuwa wa kwanza kuijaribu kazi hiyo kwa binadamu.

Aliyeifanikisha hasa ni Willem Kolff, daktari kijana katika mji mdogo wa Kampen, Uholanzi, nchi yake ikiwa imekaliwa na majeshi ya Wanazi. Mwaka wa 1943 alichukua selofani, karatasi ile laini iliyotumiwa kufungia soseji, akaizungusha kwenye pipa la mbao na kulizamisha pipa hilo katika maji ya chumvi. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walifariki. Mnamo Septemba 1945, mwanamke wa miaka 67 aliyekuwa amepoteza fahamu alizinduka na akapona.

Hadi hapo mashine ilikuwa ya kumvusha mgonjwa kwa siku chache tu, maana kila mara mshipa mwingine ulikatwa. Mwaka wa 1960, Belding Scribner wa Seattle, Marekani, aliweka mrija wa plastiki ya Teflon uliobaki mkononi mwa mgonjwa. Mgonjwa wake wa kwanza aliishi miaka 11 zaidi.

Hapo ndipo swali la utando lilipopata uzito mpya. Utando uliovumilika kwa siku tatu sasa ulipaswa kuvumilika kwa miaka.

Selofani ni selulosi, kitu kile kile kilichomo katika pamba na mbao. Mwaka wa 1968, watafiti wa Marekani waliripoti jambo la ajabu: dakika chache baada ya mgonjwa kuunganishwa na mashine, chembe nyeupe za damu yake hupungua kwa ghafla, kisha hurudi baadaye. Zilikuwa zimekwenda wapi?

Jibu lilitoka Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka wa 1977. Selulosi huiamsha komplementi, nayo huzichochea chembe nyeupe mpaka zishikamane na kukwama katika mishipa myembamba ya mapafu. Ndiyo sababu ya vifua kubana.

Lawama iliangukia vijisehemu vya kikemia viitwavyo haidroksili vilivyojaa juu ya selulosi. Baadhi ya viwanda vilivifunika kwa kuitia selulosi asetati. Vingine viliiacha selulosi na kugeukia plastiki zitokanazo na mafuta ya petroli.

PLASTIKI NAZO ZINA YAKE

Plastiki iliyotia fora ni polisalfoni, iliyoingia katika vichujio mwaka wa 1983. Ni imara, huvumilia joto, na haiamshi komplementi kama selulosi. Vitundu vyake vinaweza kupanuliwa ili kuondoa uchafu mkubwa zaidi, kama ile protini ya beta-2 mikroglobulini ambayo hujirundika viungoni mwa waliotibiwa kwa miaka mingi.

Lakini polisalfoni peke yake huyakimbia maji kama mafuta, na kitu kinachokimbia maji huzivuta protini. Kwa hiyo huchanganywa na polima nyingine inayopenda maji, ndipo damu ipite vizuri.

Plastiki nyingine, iitwayo AN69, ilileta funzo lake. Uso wake una chaji hasi kali. Mwaka wa 1990 madaktari wa Ulaya waliripoti wagonjwa waliozimia au kuvimba mara tu baada ya kuunganishwa. Waliopatwa walikuwa wakimeza dawa za presha za kundi la enalaprili na kaptoprili. Chaji ile huufanya mwili utoe kemikali iitwayo bradikinini inayopanua mishipa, nazo dawa hizo huzuia isivunjwe. Kila kimoja peke yake kilivumilika. Viwili pamoja vilikuwa hatari.

Mwaka wa 2001 dunia ilipata funzo la tatu. Wagonjwa zaidi ya 50 katika nchi kadhaa, zikiwemo Hispania na Croatia, walifariki baada ya kutumia vichujio vya kampuni moja. Utando haukuwa na kosa. Kimiminika kilichotumiwa kiwandani kutafuta uvujaji kilikuwa kimebaki ndani ya baadhi ya nyuzi, na kilipofika katika damu kiligeuka mapovu.

Funzo ni kwamba si polima pekee inayokutana na damu. Chochote kilichoachwa juu yake huingia pamoja nayo.

Ni haki pia kusema kwamba tafiti zilizolinganisha selulosi na plastiki hazikuonyesha wazi kuwa wagonjwa wa plastiki huishi muda mrefu zaidi. Utando bora humpunguzia mgonjwa mateso na damu inayopotea, lakini haujageuka kuwa figo.

KWA NINI KINACHOOZA?

Msomaji ataona kinaya hapa. Utando wa kwanza, ule wa selulosi, ulitokana na mimea na ulioza ardhini, lakini uligombana na damu. Ulioupokea, wa polisalfoni, unapatana na damu kuliko huo, lakini ukitupwa leo vitukuu vyetu wataukuta.

Kila kipindi cha matibabu huacha taka za plastiki za kilo mbili hivi au zaidi: kichujio, mirija, mifuko na sindano. Kwa kuwa zimeguswa na damu, haziwezi kutupwa pamoja na maganda ya viazi. Huchomwa katika tanuri. Mirija mingi ni ya PVC, plastiki yenye klorini, na isipochomwa kwa joto kali la kutosha hutoa moshi wenye sumu za dioksini. Wanaoishi karibu na hospitali zenye tanuri bovu wanaujua moshi huo.

Macho ya watafiti yameelekea kwenye polima iitwayo asidi ya polilaktiki. Hutengenezwa kwa sukari ya mahindi au miwa. Sukari huchachushwa na bakteria kuwa asidi ya laktiki, ile ile inayofanya maziwa yawe mala, kisha molekuli zake huunganishwa kuwa mnyororo mrefu.

Si ngeni kwa madaktari. Nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe mwilini hutokana na polima za jamii hii. Zikivunjika, huacha asidi ya laktiki ambayo misuli yetu huitoa kila tunapokimbia, na mwili unajua la kuifanya.

Hata hivyo, kuyeyuka polepole katika kidonda ni tofauti na kukaa mbele ya damu inayokwenda kasi. Polilaktiki huyakimbia maji, kwa hiyo huvuta protini na chembe sahani. Ni kavu na hukatika kwa urahisi. Isitoshe, huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, ilhali kuua vijidudu kwa mvuke huhitaji nyuzi 121. Lazima itumiwe mionzi au gesi, na mionzi nayo huikatakata minyororo yake.

NJIA ZA KUUPATANISHA

Watafiti wanatumia njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza ni kuufunga utando kwa heparini yenyewe. Dawa haichanganywi na damu yote bali hukaa ukutani kama askari mlangoni. Tatizo ni namna ya kuishikiza, maana polilaktiki haina vishikio.

Msaada ulitoka baharini. Kome hujinatisha kwenye mwamba hata mawimbi yakipiga. Mwaka wa 2007, Phillip Messersmith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha kwamba dopamini, kemikali inayofanana na gundi ya kome, hujitandaza yenyewe kuwa tabaka jembamba juu ya karibu kila kitu inachotiwa. Watafiti wa mji wa Ningbo, China, walitumia ujuzi huo kushikiza heparini kwenye utando wa polilaktiki, na wakachapisha matokeo yao mwaka wa 2014. Chembe sahani zilizonata zilipungua na damu ilichukua muda mrefu zaidi kuganda.

Njia ya pili ni kuupaka utando kitu kinachopenda maji, kama polietilini glaikoli. Minyororo yake husimama kama nyasi na kushika maji, hata protini ikija hukuta tabaka la maji badala ya ukuta.

Njia ya tatu ni kuiga ngozi ya chembe nyekundu. Ngozi hiyo ina vijisehemu vyenye chaji chanya na hasi pamoja, kwa hiyo kwa jumla haivuti upande wowote. Kazuhiko Ishihara wa Japani ni miongoni mwa walioiendeleza polima ya namna hii, na imeshatumika katika vifaa vingine vya tiba vinavyogusana na damu.

Wapo pia wanaojaribu kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa. Huoza vizuri, lakini kwa asili huigandisha damu, kiasi kwamba hutumiwa katika bandeji za kuzuia damu isitoke. Lazima ibadilishwe sana kabla ya kuaminiwa katika kichujio.

JE, INAFANYA KAZI KWA MGONJWA?

Tando za polilaktiki zimejaribiwa zaidi katika maabara. Vipimo ni kama hivi: chembe nyekundu ngapi hupasuka, chembe sahani ngapi hunata, damu huchukua muda gani kuganda, na komplementi huamka kiasi gani. Kwa kawaida, kipimo cha kupasuka kikizidi asilimia tano, kifaa hicho huhesabiwa kuwa kinadhuru damu.

Kufaulu mtihani huo kwa damu iliyo ndani ya chupa kwa saa moja si sawa na kuvumilia saa nne za damu inayokwenda.

Kwa tando za plastiki ya kawaida, wazo la heparini iliyoshikizwa limefika kwa wagonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 uliwahusisha wagonjwa 251 wasioweza kupewa heparini. Kati ya kila 100 waliotumia utando wenye heparini, karibu 69 walimaliza kipindi cha kwanza bila matatizo ya kuganda. Waliotumia njia ya kawaida ya maji ya chumvi walikuwa 50. Ni nafuu ya kweli, ingawa haikufikia kipimo ambacho watafiti walikuwa wamejiwekea kuthibitisha ubora.

Kwa hiyo, njia inapitika, lakini hata polima zilizozoeleka hazijaimaliza.

Kuna maswali mengine yanayotuhusu sisi. Polima inayooza huanza kuvunjika ikikutana na joto na unyevu. Je, kichujio cha polilaktiki kitakaa miezi mingapi katika stoo ya Mombasa mwezi wa Machi kabla nyuzi zake hazijadhoofika? Utando unaopasuka katikati ya matibabu humwagia damu ndani ya maji ya mashine.

Halafu, polilaktiki haiozi haraka kwenye shimo la kawaida. Huhitaji mboji yenye joto la nyuzi 60 hivi. Na ikiwa taka zenye damu zitaendelea kuchomwa, kuoza kwake kutakuwa na faida gani? Faida ipo: haina klorini, kwa hiyo moshi wake hauleti dioksini, na kaboni yake ilitoka shambani badala ya kisimani cha mafuta. Lakini utando ni sehemu ndogo ya uzito wa taka. Gamba la kichujio na mirija yasipobadilishwa, tutakuwa tumepunguza tone katika pipa.

HALI YETU NCHINI

Zamani mgonjwa wa figo nchini Kenya alilazimika kusafiri hadi Nairobi au miji michache mikubwa. Mwaka wa 2015, mashine zilianza kupelekwa katika hospitali za kaunti, na mwaka huo huo Hazina ya Bima ya Hospitali (NHIF) ikaanza kulipia vipindi viwili kwa wiki, kila kimoja Sh9,500. Oktoba 2024 jukumu hilo lilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA).

Katika nchi nyingi tajiri kawaida ni vipindi vitatu. Anayepata viwili tu hana kipindi cha kupoteza. Kichujio kikiganda katika saa ya pili, sumu zilizosalia atakaa nazo hadi zamu ijayo, siku tatu au nne baadaye. Ndiyo maana utando unaopatana na damu una thamani kubwa hapa kuliko kule ulikobuniwa.

Bei nayo itaamua. Utando bora ambao hospitali ya kaunti haiwezi kuununua haumsaidii mgonjwa wa Kakamega au Garissa.

MAMBO YA KUZINGATIA

Wakati tukingoja, mgonjwa na jamaa zake wanaweza kufanya yafuatayo:

Mweleze muuguzi kabla ya kuunganishwa kama umetoka damu puani, chooni au kwenye ufizi, kama umeanguka, au umefanyiwa upasuaji au kung'olewa jino. Kipimo cha heparini hutegemea habari hizo.

Nenda na dawa zako zote za presha na uzionyeshe. Usiache kuzitumia bila amri ya daktari.

Kifua kikibana, mwili ukiwasha au mgongo ukiuma katika dakika za mwanzo, sema mara moja. Usivumilie ukidhani ni kawaida ya mashine.

Kichujio kikiganda, uliza ni kwa nini, na uombe iandikwe katika kadi yako. Kikiganda mara kwa mara huenda kipimo cha dawa hakitoshi, au mshipa unaotumiwa una tatizo.

Kwa yule ambaye figo zake bado ni nzima, kinga ni nafuu kuliko mashine. Pima presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka. Epuka kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni kwa wiki nyingi bila ushauri, maana huumiza figo kimyakimya. Mwenye kisukari aombe kupimwa mkojo kuona kama una protini. Kipimo hicho cha dakika chache hugundua hatari miaka mingi kabla miguu haijavimba.